Wimbo wa Bwana Koleo

Mjomba Salumu tulimzika Masaki, hii ya shamba si ile ya mjini, msimu huu wa korosho. Jeneza lilipokwisha kutoka na wanaume wakalifuata, sisi wanawake tukabaki uani na mikeka yetu, na watani nao wakaanza kazi yao. Wenzangu wa rika langu hawahitaji kuelezwa. Mtani haji msibani kulia, anakuja kuchekesha. Ataketi kwenye kiti cha marehemu, ataomba ale chakula cha marehemu, atasema marehemu alikuwa mlafi na mvivu na anakoroma, na mfiwa atacheka apende asipende. Mtani wetu siku hiyo alikuwa mama mmoja wa Kinyamwezi ambaye babu yake aliletwa kukata mkonge zama za Mwingereza. Alivaa kofia ya mjomba, akashika bakora ya mjomba, akapinda mgongo kama mjomba, akaimba:

Koleo analia, analilia nini?
Analilia uji, uji u jikoni.
Nyamaza Koleo, mkeo hakufa,
kaikimbia pua yako.

Uwanja mzima ulicheka, hata shangazi aliyekuwa amelia tangu alfajiri. Koleo ni nani hakuna ajuaye. Wimbo huo unaimbwa misibani kwetu na hata kwenye kutwanga, na mtu akikuuliza umetoka wapi utamjibu kuwa ni wa zamani. Mimi niliinuka, nikasema moshi unaniumiza macho, nikaenda nyuma ya jiko.

Nyuma ya jiko la mjomba kuna pilipili nyekundu, ndefu kama kidole cha shahada, isiyowasha hata kidogo. Watu wa Masaki walimcheka mjomba kwa pilipili hiyo maisha yake yote, wakisema ni pilipili ya kuoteshea watoto meno. Kila mche ulipokufa alipanda mwingine kwa mbegu zake mwenyewe. Nilichuma moja nikaivunja, harufu ikanipanda puani, na pale pale nikawa tena mtoto mwenye kikapu cha mayai.

Kwetu kulikuwa Kongowe, hii ya Kibaha. Siku zile Kongowe ilikuwa mkonge na mkonge tena, mistari iliyonyooka mpaka macho yanachoka. Baba alilima mihogo pembezoni mwa shamba hilo la mkonge, na mama alifuga kuku. Mashine ya kukamua mkonge, tuliyoiita korona, ilivuma tangu asubuhi, na makapi yake yalinuka uchachu ulioingia mpaka kwenye nguo za Idi. Fundi wa mashine hiyo alikuwa Mzungu mrefu mwenye pua iliyofika mahali kabla yake. Jina lake alilitaja, Shandori, lakini koleo halikumtoka mfukoni, basi akawa Bwana Koleo. Na mpishi wake alikuwa Mjomba Salumu, kaka wa mama yangu, mtu aliyevaa aproni nyeupe na kujiona kama kadhi.

Mjomba ndiye aliyenipatia kazi ya kupeleka mayai kwa Bwana Koleo kila Jumamosi mchana, korona inapozimwa. Nilipewa makopo matupu, na kopo tupu nyumbani kwetu lilikuwa na heshima yake. Nilikuwa sijavunja ungo, lakini kuku na watoto wadogo walikwisha kunitambua kuwa ni mtu mzima.

Kwanza kulikuwa na suala la kabila lake. Sisi Wazungu tuliwajua wa aina tatu: Mjerumani aliyemchapa babu, Mwingereza aliyetuandikisha kodi, na Mgiriki mwenye mkonge. Bwana Koleo hakuwa Mwingereza wala Mgiriki, basi watu wakamwita Mjerumani na kulimaliza. Siku moja nami nilimwita hivyo kwa adabu zote, nikasema, "Shikamoo, Bwana Mjerumani." Aliweka chini kikombe chake.

"Mimi hapana Jerumani," alisema. "Mimi Hungaria. Sema."

"Hungaria."

"Vizuri. Marahaba."

Nikamuuliza mjomba Hungaria ni wapi. Mjomba, aliyekuwa anakatakata zile pilipili zake kwa mchuzi wa Bwana, alisema ni mbali na bahari, na kwamba ni nchi ambayo kila jirani amewahi kuitawala. Bwana Koleo alisikia, akacheka kidogo, akaongeza kwa Kiswahili chake cha shambani: "Mturuki nachukua. Jerumani nachukua. Mrusi nachukua. Shamba kwisha, nyumba kwisha." Kisha akaingia chumbani akatoka na kitu kilichofungwa kwa kitambaa, akakigonga kwa kidole. "Hii hapana chukua."

Lilikuwa zumari. Yeye aliliita tarogato, lakini sikuona haja ya jina jipya, maana lilikuwa ndugu kabisa wa zumari la ngoma zetu, ila lake lilikuwa refu, jeusi, na lilijaa vyuma vidogo vya kubonyeza. Mjomba alinisimulia hadithi yake kama alivyosimuliwa yeye. Eti zamani wafalme wageni waliyakusanya mazumari ya watu wale wakayachoma moto, kwa sababu mtu akilisikia alikuwa anakumbuka yeye ni nani, na mtu anayekumbuka hatawaliki vizuri. Nililimeza hilo kama mtoto anavyomeza mbegu ya chungwa, bila kujua limeingia.

Halafu alilipiga. Alikuwa na nyimbo kadhaa, lakini wa Jumamosi ulikuwa mmoja. Ulianza juu, ukashuka, ukapumzika. Kisha ukarudia maneno yaleyale ya sauti, chini zaidi, kama mtu anayeteremka kisimani ngazi kwa ngazi. Sauti yake ilikuwa nene, imekauka koo. Nilikaa barazani na kikapu changu, nikashangaa kwamba naufahamu. Wimbo wa watu walio mbali na bahari, na mguu wangu ulijua pa kukanyaga.

Na alipofika katikati, machozi yalimtoka. Si moja mawili, yalishuka kwenye ile pua yakadondoka juu ya vyuma, na hakuyafuta. Akimaliza alipiga paja lake, akamwita mjomba alete chakula, akala kweli. Jumamosi ya pili vilevile. Ya tatu vilevile. Mlango ulikuwa wazi, na ukutani nyuma yake niliiona picha ya mwanamke aliyesuka nywele akazizungusha kichwani, imezungushiwa utepe wa rangi nyekundu, nyeupe na kijani.

Hapo ndipo nilipojua kila kitu, kwa ujuzi wa mtoto ambaye hakuuliza. Mwanamke yule ni mkewe. Amekufa. Utepe ni nguo ya msiba ya huko kwao. Na huyu mtu analia kila Jumamosi kwa sababu msiba wake haujaondoka, na haujaondoka kwa sababu hana mtani. Nani wa kumchekesha? Waingereza walimpita kwa gari wakamnyanyulia kidole kimoja. Wagiriki walikuwa na mambo yao. Nilimwonea huruma mpaka nikashindwa kula. Mtu kufiwa bila mtani, kwetu, ni kama kuzikwa bila sanda.

Nikapiga hesabu. Wanyamwezi ni watani wetu kwa sababu walitoka mbali wakapita kwetu wakienda pwani. Bwana Koleo naye ametoka mbali zaidi, akaja kwenye mkonge uleule. Basi ni mtani wetu, ila hakuna aliyemwambia. Kazi hiyo nikajipa mwenyewe. Sikumwambia mjomba, wala mama, kwa kuwa jambo jema lina utamu wake likifanywa kwa siri.

Msimu wa makopa, ile mihogo iliyokaushwa, mama alinipeleka Masaki kwa bibi, nikae wiki mbili nisaidie kutwanga. Tulikuwa wasichana wanne kwenye vinu viwili, na mchi hauendi bila wimbo. Nikautoa ule wa zumari. Ulikaa kwenye mchi kana kwamba umezaliwa kinuni. Maneno nikayatunga siku moja tu, mstari kwa mstari, na kila mstari ulipotoka wenzangu walicheka wakaacha kutwanga. Machozi nikayafanya njaa. Pua nikaifanya sababu. Na mke, kama watani wanavyosema siku zote juu ya maiti kwamba hajafa, kajificha tu, nikasema hakufa, kakimbia. Hilo ndilo lililokuwa tamu kuliko yote. Nililiona ni zawadi.

Bibi alitokeza kichwa jikoni. "Wimbo huo umeutoa wapi weye?"

"Nimeuota, bibi."

"Una ndoto zenye ulimi," alisema, akarudi kwenye moto wake. Siku ya tatu alikuwa anauimba yeye mwenyewe akipepeta.

Wake wa wakata mkonge walikuwa wanakuja Masaki kununua makopa. Walisimama na vikapu vyao, wakasikiliza, wakajifunza, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Koleo walimjua. Nilipowaona wakishika njia ya Kongowe wanauimba, nilijisikia kama mtu aliyetuma barua njema.

Jumamosi niliyorudi nilioga mara mbili kwa furaha. Nilifika barazani na mayai yangu, nikamwamkia mjomba, nikakaa mahali pangu. Bwana Koleo alikwisha kuanza. Alikuwa katikati, yale machozi yako njiani, wakata mkonge walipotokea kwenye kona wakienda kuchukua posho, kundi la watu kama thelathini hivi, na walikuwa wanaimba.

Aliacha kupiga. Alisimama na zumari mkononi, akatega sikio, na uso wake, naapa, uling'aa. Alitoka barazani mbio kama kijana.

"Salumu. Sikia. Naimba wimbo yangu. Wote naimba wimbo yangu."

Mjomba alisimama mlangoni na sahani. Yeye alisikia na maneno.

"Nasema nini?" Bwana Koleo aliuliza, bado anacheka. "Maneno. Nasema nini?"

"Maneno ya kazi tu, Bwana," mjomba alijibu.

Lakini Bwana Koleo hakuwa mjinga, na "mke" ni neno alilolijua. Alimwita mmoja aliyekuwa mbele, Mnyamwezi mcheshi aliyejulikana kwa utani wake, na yule mcheshi, akidhani anatendewa heshima, alikuja akasimama chini ya baraza akamwimbia polepole, neno kwa neno, na vitendo juu yake. Alilia kwa uongo. Akaonyesha uji. Akaonyesha pua. Akaonyesha mwanamke anayekimbia, amekamata kanga isimwanguke. Wenzake walianguka kwa kicheko, kicheko cha watu wasio na ubaya wowote. Nami nilicheka, Mungu anisamehe, nikamtazama Bwana Koleo nione msiba ukimtoka.

Hakikutoka kitu. Uso ule ulizimika kama korona inavyozimwa, kwa kushuka kidogo kidogo. Wakata mkonge waliona nao, wakanyamaza mmoja mmoja, wakaondoka. Yeye akamgeukia mjomba, akasema kwa sauti ya chini sana:

"Salumu. Wewe peke yako najua."

"Wallahi, Bwana, sikumwambia mtu."

"Bibi yangu hapana kufa. Bibi yangu nakataa kuja. Nani najua? Mimi. Wewe. Nani tena?"

"Wallahi sikusema, Bwana. Naapa kwa msahafu."

Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka hapo. Kikapu kilikuwa mapajani. Nilielewa pale pale, na wote mnaosema mtoto haelewi mnamdanganya nani. Nilielewa kwamba yule mwanamke wa ukutani yu hai, amebaki kwao, hakumtaka. Kwamba mzaha niliookota kwenye mizaha ya misiba umeangukia kwenye kweli yake. Kwamba anadhani mjomba ameichukua siri yake akaigawa shamba zima, pamoja na kile alichosema hakichukuliki. Neno langu moja, "Ni mimi, Bwana, nilidhani umefiwa," lingetosha. Labda asingeniamini. Labda angenizaba kofi. Lakini mjomba angepona. Nilitazama mayai. Nakumbuka moja lilikuwa na unyoya umegandia, na niliutazama unyoya ule mpaka nikasikia mjomba anafungua aproni.

Aliikunja mara nne akaiweka mezani. Bwana Koleo hakumtukana wala hakumfokea. Alisema tu, "Enda, Salumu," akaingia ndani akafunga mlango, na zumari likaingia naye.

Tulitembea nyumbani mimi na mjomba. Karibu na mihogo yetu alisimama.

"Tatu," aliniuliza, "wewe unashinda na watu. Hukusikia ni nani aliyeutunga?"

"Hapana, mjomba."

"Kuna mtu kanichongea. Sijui nilimkosea nini." Akatembea kidogo, akasimama tena. "Na yule maskini wala hakuwa na huzuni. Watu wa kwao ndivyo wanavyofurahi, furaha ikiwazidi wanalia. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yake ya raha. Alikuwa anasema siku hiyo yuko kwao."

Hili ndilo lililonila miaka yote kuliko lile la kwanza. Kutunga nilitunga kwa mapenzi, na hata Mungu ana uvumilivu kwa ujinga wa mtoto. Lakini ile "hapana, mjomba" nilikuwa najua ninachokisema. Niliogopa fimbo ya baba na kukosa makopo. Kwa fimbo na makopo nikamwacha mtu mzima abebe lawama isiyo yake.

Jumamosi zilizofuata mayai aliyapeleka mdogo wangu. Nilikuwa nakwenda mpaka penye mkonge wa mwisho nasikiliza. Korona inazimwa, kimya kinakuja, na baada ya kimya hakuna kitu. Mwezi mmoja, miwili. Siku moja lori la shamba lilipita kwenda Dar es Salaam, na yeye amekaa mbele na dereva, na lile furushi la kitambaa amelipakata mapajani. Nilikuwa njiani na kuni kichwani. Aliniona. Alinyanyua mkono, akasema kitu ambacho lori lilikimeza. Sikunyanyua wangu. Watu walisema kaenda zake, wapi hawakujua, na jioni ile vibarua walirudi kutoka kazini wakiimba wimbo wake.

Mjomba hakupika tena kwa mtu. Alirudi Masaki akalima mihogo na kuchoma mkaa, na ile mikono iliyokuwa inanukia bizari ikawa myeusi kwenye mistari yake isiyosafishika. Hakumsema vibaya Bwana Koleo hata mara moja. Alikuwa amechukua mbegu za pilipili kwenye mfuko wa shati siku ile, labda bila kujua, akazipanda. Nilikwenda kwake kila Idi, kila msiba, kila harusi. Nilimpelekea sukari na shuka na vitu vingine vya mtu mwenye deni. Mara nyingi nilifika nimeyaweka maneno mdomoni, na kila mara alinitangulia: "Karibu Tatu, mwanangu, mtu wangu wa mayai." Basi nikanyamaza tena. Mwaka jana alipougua nilikesha naye siku nne, akiwa na akili zake timamu, anasikia kila kitu. Nilimpa uji. Sikumpa kingine.

Sasa nilikuwa nyuma ya jiko lake na pilipili yake mkononi, naye yuko udongoni, na watu wanacheka uani. Yule mtani wa Kinyamwezi alinifuata, kofia ya mjomba bado kichwani, na nyuma yake wanawake kumi hivi, wajukuu na wakwe.

"Bibi, mbona umetukimbia?" aliuliza. "Au na wewe ulikuwa unaiogopa ile pua?"

Nikasema. Sijui nguvu ilitoka wapi, na ilitoka imechelewa. Nikawaambia wimbo ule si wa zamani, ni wa Mhungaria.

"Mhungaria ndiyo kitu gani?"

"Ni mtu. Mtu wa Hungaria. Aliishi Kongowe, alikuwa fundi wa korona, alikuwa na zumari jeusi. Wimbo ulikuwa wa watu wa kwao, wa kujikumbuka. Mimi niliuiba nikautia maneno hayo. Na Mjomba Salumu alifukuzwa kazi kwa ajili yangu, sikusema, mpaka leo amezikwa sikusema."

Walinitazama. Kisha yule mtani akapiga makofi.

"Mnamsikia bibi? Mzungu wa Hungaria, na zumari, na mayai ndani yake? Leo mtani nimepata mtani."

Wakacheka wote, wakacheka kwa mapenzi, mpaka mmoja akaniegemea begani. Nilisema tena kwamba ni kweli, wakacheka zaidi. Mtani akanivua kanga ya kichwani akanizungushia kiunoni, akanishika mkono akanirudisha uani, akaanza upya ule wimbo kutoka juu, ukashuka ngazi kwa ngazi kama siku zote, ila safari hii alinitia mimi ndani.

Tatu analia, analilia nini?

Na uwanja mzima ukamwitikia kwamba nalilia uji.